Usifunge Daftari Kabla Hujapima Sifuri Zako

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua kuna watakaoona kichwa hiki waanze kuguna: hesabu zimeingia lini katika jarida la Chama cha Kiswahili? Kwani mwandishi amepotea njia? La, sijapotea. Sisi hufundishwa hesabu kwa Kiingereza na mtihani tunaufanya kwa Kiingereza, lakini kengele ya mapumziko ikilia tukakaa chini ya mti kuelezana, tunaelezana kwa Kiswahili. "Hii alama ya kutoa umeitoa wapi?" "Si ilikuwa huku, nikaivusha." Basi maelezo nitakayotoa hapa ni yale yale ya chini ya mti, ila nimeyapiga pasi kidogo ili mhariri asiyatupe.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna polinomia zinazoitwa kwadratiki, yaani zile ambazo x imepanda hadi x² na haikuzidi hapo. Mfano wake ni x² – 3x – 10. Sifuri ya polinomia kama hiyo ni nambari ambayo ukiiweka mahali pa x, vipande vyote vinauana na unabaki na 0. Tangu Kidato cha Pili tumefundishwa namna ya kuzitafuta: kutia kwenye mabano mawili, kukamilisha mraba, kutumia fomula, au kuchora grafu na kutazama inapokata mstari wa x. Kuzitafuta si taabu sana. Taabu ni kwamba mtu akishazipata huzipigia mistari miwili kwa rula, akafunga daftari, akaenda zake. Kuzipima hakuna. Akiulizwa kama ana hakika, anajibu, "Tutajua mwalimu akisahihisha."

Sasa hebu tufikiri sisi wa shule ya kutwa. Jioni tukifika nyumbani hakuna mwalimu wa zamu. Mzazi amechoka, na pengine aljebra aliiacha zamani alipoacha shule. Kitabu ni kimoja kwa watu watatu, na kurasa za mwisho zenye majibu ziling'oka kabla hatujajiunga na shule hii. Ukikosea saa mbili usiku, utajua kesho saa nne asubuhi. Na kama zoezi lilikuwa na maswali kumi, kosa lile lile umelirudia mara kumi mpaka mkono umelizoea. Hata hayo majibu ya nyuma yakiwapo, katika chumba cha KCSE hayapo. Kwa hivyo mtu asiyejua kupima anaishi kwa imani tu. Anayejua kupima hahitaji kumwuliza mtu.

Njia ya kwanza ya kupima kila mtu anaijua, ila hatuitumii: rudisha nambari yako mahali pa x. Tuchukue x² – 3x – 10. Ukiitia kwenye mabano unapata (x – 5)(x + 2), kwa hivyo sifuri ni 5 na –2. Tuzirudishe:

5 × 5 – 3 × 5 – 10 = 25 – 15 – 10 = 0
(–2) × (–2) – 3 × (–2) – 10 = 4 + 6 – 10 = 0

Zote zimekufa. Lakini kuna wenzetu wengi ambao wakiona (x – 5)(x + 2) huandika –5 na 2. Wameona –5 imekaa ndani ya mabano wakaichukua vile ilivyo, kama mtu anayebeba koti la mwenzake kwa sababu tu limetundikwa karibu na msumari wake. Wamesahau swali lenyewe, kwamba x iwe ngapi ndipo mabano haya yawe 0? Wangepima wangeona:

(–5) × (–5) – 3 × (–5) – 10 = 25 + 15 – 10 = 30

Thelathini si sifuri hata ukiibembeleza. Kazi hiyo ya kupima haimalizi dakika moja.

Njia ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi, nayo ni ya jumla na zao. Jumla ni kuzijumlisha zile sifuri mbili, na zao ni kile unachopata ukizizidisha. Tuseme sifuri zetu ni m na n. Basi polinomia ilitokana na (x – m)(x – n). Fungua mabano hayo polepole:

x² – (m + n)x + mn

Tazama vizuri. Nambari iliyo mbele ya x ni jumla ya sifuri ikiwa imegeuzwa alama, na nambari inayokaa peke yake mwishoni ni zao la sifuri. Hivyo katika x² – 3x – 10, kabla hata hujaanza kutafuta, unajua kwamba sifuri zikijumlishwa lazima zitoe 3 na zikizidishwa lazima zitoe –10. Sasa 5 na –2: jumla 3, zao –10. Zimefaulu. Uhusiano huu wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiuandika karne nne zilizopita. Mfaransa François Viète, aliyefariki mwaka 1603, aliutumia, na Albert Girard akaueleza kwa upana zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1629.

Hapa nataka tuende pole pole, manake ndipo watu huteleza. Kuna wanaojumlisha tu, na kuna wanaozidisha tu, eti kuokoa wakati. Usimwamini shahidi mmoja. Wale waliogeuza alama wakaandika –5 na 2, zao lao ni –10, sawasawa kabisa na linalotakiwa! Aliyepima kwa kuzidisha tu atajipa alama zote. Ni jumla ndiyo inayomshtaki: –5 + 2 = –3, ilhali tulitaka 3.

Na upande wa pili pia lipo. Chukua x² + 2x + 5. Ukitumia fomula, chini ya kipeuo cha pili unapata 4 – 20, yaani –16. Hapo ingefaa useme hakuna sifuri katika nambari tunazotumia, grafu inaelea juu ya mstari wa x bila kuugusa. Lakini mtu mwenye haraka anajifanya hakuona ile alama ya hasi, anachukua kipeuo cha pili cha 16, ambacho ni 4, halafu anapata (–2 + 4) ÷ 2 = 1 na (–2 – 4) ÷ 2 = –3. Jumla ni –2, nayo ndiyo iliyotakiwa. Amefurahi. Zao je? Ni –3, na tulitaka 5. Safari hii jumla imedanganya na zao limesema kweli. Ndiyo sababu nikasema mashahidi wote wawili waitwe. Wakikubaliana wote wawili, hakuna tena haja ya kurudisha nambari mahali pa x, kwa sababu mabano yenye jumla hiyo na zao hilo yakifunguliwa yanatoa polinomia ile ile na si nyingine.

Bado kuna mtego mmoja. Hayo yote ni pale ambapo mbele ya x² hakuna nambari. Ikiwapo, gawanya kila kipande kwa nambari hiyo kwanza ndipo upime. Tazama 6x² – 7x – 3. Tumefundishwa kuzidisha 6 na –3 tukapata –18, halafu tutafute nambari mbili ambazo zikizidishwa ni –18 na zikijumlishwa ni –7. Ni –9 na 2. Wapo wanaokomea hapo, wanageuza alama na kutangaza kwamba sifuri ni 9 na –2. Ukiirudisha hiyo 9 unapata 486 – 63 – 3, yaani 420. Hiyo ni mbali na sifuri kama Vanga na Moyale.

Kazi haikuwa imekwisha. Ilibidi kuendelea hivi:

6x² – 9x + 2x – 3
3x(2x – 3) + 1(2x – 3)
(3x + 1)(2x – 3)

Sifuri ni –1/3 na 3/2. Tupime. Tukigawanya polinomia yote kwa 6, jumla inayotakiwa ni 7/6 na zao linalotakiwa ni –3/6, yaani –1/2. Sasa 3/2 – 1/3 ni 9/6 – 2/6, ambayo ni 7/6. Na 3/2 mara –1/3 ni –3/6. Mashahidi wamekubaliana. Tena angalia jambo la ajabu: zile 9 na –2 za mwenye haraka, ukizigawanya kwa 6, zinakuwa 3/2 na –1/3. Alikuwa amebakisha hatua moja tu kufika nyumbani.

Kwa fomula nako watu huumia. Katika x² – 4x + 1, fomula inasema uchukue 4, uongeze au utoe kipeuo cha pili cha 12, halafu vyote viwili uvigawanye kwa 2. Wengi hugawanya kile kipeuo tu na kuiacha 4 imekaa kama mgeni. Wanapata 5.732 na 2.268. Jumlisha: ni 8, na tulitaka 4. Sekunde tano tu na kosa limeshikwa shati. Jibu lenyewe ni 3.732 na 0.268, ambazo jumla yake ni 4.

Hapo kuna swali ambalo mwenzangu mmoja aliniuliza, nami nalipenda. Ukirudisha 3.732 mahali pa x kwa kikokotoo, hupati 0 bali –0.000176. Je, tumekosea? Hatukukosea. 3.732 si sifuri yenyewe kamili, ni sifuri iliyokatwa mkia baada ya nafasi tatu. Sifuri kamili ni 2 + √3 na 2 – √3, na hizo ukizizidisha kwa mkono unapata 4 – 3, yaani 1, bila chenji yoyote. Kwa hivyo ukiona kitu kidogo mno kama hicho, usifute kazi yako kwa hofu. Ukiona 8 au 30, futa. Na kama umechora grafu, pima hivi: nusu ya jumla ya sifuri ndiyo mahali grafu inapopindia. Kwa 5 na –2 ni 1.5. Kama grafu yako imepindia kwenye 2, tafuta kifutio.

Nisiwachoshe kwa nambari tupu. Muhula uliopita kulikuwa na kasheshe darasani kwa ajili ya swali moja la maneno. Lilikuwa hivi: wanafunzi fulani walikubaliana kukodi matatu kwa shilingi 6,000 na kugawana gharama sawasawa. Siku ya safari 5 kati yao hawakutokea, ikabidi kila mmoja wa waliobaki aongeze shilingi 40. Je, mwanzoni walikuwa wangapi?

Jamaa yetu anayeshika nambari moja kila muhula alikuwa wa kwanza kwenda ubaoni. Aliandika n² + 5n – 750 = 0, akatia kwenye mabano (n + 30)(n – 25), akatupa –30 na kubaki na 25. Tena alipima! Jumla ya sifuri zake –5, zao –750, kila kitu sawa. Darasa zima likaandika 25. Ndipo msichana mmoja anayekaa nyuma karibu na dirisha, mtu ambaye unaweza kumaliza juma zima hujasikia sauti yake, akasema yeye amepata 30. Watu wakacheka. Wengine wakamwambia aketi, ati anataka kushindana na nambari moja. Mwalimu hakusema neno. Aliweka chaki mezani akauliza wanaounga mkono 25 wainue mikono. Ikainuka yote, ya msichana pekee ikabaki chini.

Yule msichana hakubishana. Aliuliza tu, "Kama mwanzoni walikuwa 25, kila mmoja angelipa ngapi?"

"Mia mbili na arubaini," tukajibu.

"Watano hawakuja. Wamebaki wangapi?"

"Ishirini."

"Hao ishirini watalipa ngapi?"

"Mia tatu."

"Wameongeza ngapi?"

Hapo sauti zikapungua, manake kila mtu alikwisha kuiona ile 60. Swali lilisema 40. Halafu akaigeukia 30 yake: watu 30 ni shilingi 200 kila mmoja, watu 25 ni shilingi 240, nyongeza ni 40. Nambari moja mwenyewe, kwa uungwana, alichukua kifutio.

Kosa lilikuwa wapi basi, na alipima akafaulu? Mlinganyo wake ulikuwa sahihi na sifuri zake zilikuwa sahihi. Ila yeye n yake ilikuwa idadi ya waliosafiri, na swali liliuliza waliokubaliana mwanzoni. Alisahau kuongeza wale 5. Jumla na zao haziwezi kulijua jambo hilo, kwa sababu zinachunguza mlinganyo ulioandikwa, hazisomi swali. Kwa hivyo katika maswali ya maneno kuna kipimo cha tatu: chukua jibu, rudi nalo kwenye hadithi yenyewe, ulipe nauli, upime shamba, uhesabu watu. Sio kurudi kwenye mlinganyo wako tu, rudi kwenye maneno ya swali.

Msichana yeye alitumia n kwa watu wa mwanzoni. Alipata n² – 5n – 750 = 0, na sifuri zake ni 30 na –25. Hiyo –25 nayo ni sifuri halali. Jumla 5, zao –750, mashahidi hawana neno. Hata ukienda nayo kwenye nauli, 6,000 ÷ (–30) ni –200, na 6,000 ÷ (–25) ni –240. Ukitoa, –200 – (–240), unapata 40 ile ile. Inafaulu kila mahali isipokuwa mahali pamoja: hakuna watu –25 wanaoweza kukodi matatu. Hadithi ndiyo inayoikataa, si hesabu. Lakini usiitupe kabla hujaitazama. Mlinganyo wa jamaa ulitoa 25 na –30, wa msichana ukatoa 30 na –25. Thelathini ndio waliokubaliana na ishirini na watano ndio waliosafiri. Kila mlinganyo ulikuwa umebeba majibu yote mawili, moja likiwa limevaa alama ya hasi. Mimi hilo lilinifurahisha kuliko jibu lenyewe.

Na si sisi tu tunaokataa hasi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad, aliandika mnamo mwaka 820 hivi kitabu ambacho ndani ya jina lake mna neno al-jabr, maana yake kurudisha kilichovunjika mahali pake. Ndilo lililozaa neno aljebra. Mojawapo ya mifano yake mashuhuri ni x² + 10x = 39. Alichora mraba, akaubandikia vipande pembeni, akajaza pembe zilizobaki wazi, akapata 3. Tupime: 9 + 30 = 39. Sawa. Lakini –13 je? 169 – 130 = 39. Nayo ni sawa, na jumla ya 3 na –13 ni –10, zao ni –39, vile inavyotakiwa. Yeye hiyo –13 hakuiandika, kwani alikuwa akizungumzia upande wa mraba, na upande wenye urefu hasi hauchoreki. Hata neno letu sifuri lilitoka katika Kiarabu, sifr, yaani kitu kitupu, na Wazungu walilipata huko huko wakaligeuza kwa ndimi zao. Kwa hivyo mtu asikuambie kwamba hesabu ni mgeni katika Kiswahili.

Nawaachia kazi ya likizo. Tafuta sifuri za 2x² + 5x – 12, na za x² – 10x + 23. Kisha kuna shamba la mstatili ambalo urefu wake unazidi upana kwa mita 5, na eneo lake ni mita za mraba 300. Je, seng'enge ya kulizunguka iwe mita ngapi? Mhariri alitaka niweke majibu ukurasa wa mwisho wa jarida. Nimemwomba asiyaweke.